Setilaiti nne za nini, moja haitoshi?

Swali: Muzee habari ya kazi. Mimi niko stage ya boda hapa Masaka. Kijana wangu wa S3 ananiambia wazungu walirusha setilaiti nne, zote sawasawa, eti kupima plazma inayozunguka dunia. Plazma mimi naijua ile ya damu. Na kwa nini nne, ama ni kula pesa tu?

Jibu: Umenichekesha na hiyo kula pesa, lakini swali lako ni zito. Si ya damu, majina tu yamegongana. Hii ni gesi iliyopata nguvu nyingi mpaka elektroni zikachomoka kwenye atomu, sasa ina umeme na inaburutwa na sumaku ya dunia. Ni nyembamba mno, kwa hiyo chombo lazima kiingie humo humo kuipima.

Sasa chukua boda yako. Unapeleka abiria Lukaya, katikati ya njia mvua inakupiga. Je, mvua imekuja, ama wewe ndio umeingia kwenye mvua iliyoanza kitambo? Peke yako huwezi kujua! Lakini mkiwa wanne, mmeachana kidogo na kila mtu ameangalia saa alipoanza kulowa, jioni mkikaa stage mtajua ilitoka wapi, ikaenda wapi, na mwendo gani. Setilaiti moja ina shida hiyo hiyo, inakimbia huku, ghafla elektroni zimeongezeka, haijui zimekuja ama imezikuta.

Na tatu hazitoshi kwa sababu ni kama mafiga, yamekaa chini tu, ile ya nne ndio sufuria juu, hapo unapata na kimo.

Za Marekani zinaitwa MMS, zilienda 2015, kuna wakati zilisogeleana mpaka kilomita 7 hivi. Za Ulaya ziliitwa Cluster, na hapo ndio pesa ililiwa kweli, maana Juni 1996 roketi ililipuka hata dakika haijaisha na zote nne zikaenda, wakatengeneza zingine, zikaruka 2000, wakaziita Rumba, Salsa, Samba na Tango kama bendi vile.

Mwambie kijana pia kwamba hata hapa jirani, baharini karibu na Malindi, Novemba 1971 ilirushwa setilaiti ya Marekani, Explorer 45, kupima mambo haya haya. Ila hiyo ilienda peke yake, boda moja kwenye mvua.