Jiwe na Karatasi Yake

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye stoo za makumbusho ya safari za ncha za dunia, najua mmekuja mkiwaza sledi, mbwa na barafu. Siku ya kwanza mtapewa penseli na daftari la usajili. Msinune.

Chukueni mawe ya Scott, mpelelezi Mwingereza aliyefia njiani akirudi kutoka Ncha ya Kusini. Novemba 1912, watu waliotumwa kumtafuta walipoikuta hema alimofia na wenzake wawili, walikuta pia kwenye sledi karibu kilo 16 za mawe. Scott na wenzake walikuwa wanakufa kwa njaa na baridi, na bado mzigo ule hawakuutupa. Baadhi ya mawe yalikuwa na alama za majani ya Glossopteris, mmea uliotoweka zamani sana. Majani ya jamii hiyo yamepatikana India, Australia, Amerika ya Kusini, hadi kwenye miamba ya makaa ya mawe kusini mwa Tanzania, na hivyo yakasaidia kuonyesha kwamba nchi hizi ziliwahi kuwa bara moja. Ila mawe yale yana la kutuambia kwa sababu Wilson, daktari na mwanasayansi aliyekuwa na Scott, aliandika kwenye shajara walikoyaokota, kando ya Beardmore, mto wa barafu huko Antaktika. Bila maandishi yale, mtu angeyatumia kuzuia mlango usijifunge.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Wiki yangu ya pili nilitoa miwani ya mbao ya Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, ile yenye mpasuo mwembamba wa kupunguza mng'aro wa theluji, nikaihifadhi "mara moja" kwenye sanduku la jirani, nikaenda kunywa chai. Niliitafuta siku kumi na moja. Msimamizi hakunigombeza, alinipa ngazi tu. Tangu hapo naandika mahali papya kwanza, ndipo nanyanyua kitu.

Kuhusu usalama: ndege na wanyama waliokaushwa zamani wengi walipakwa aseniki, ambayo ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na usijiguse uso. Negativu za kioo, yaani vioo vya picha za zamani, usizishike kwa glavu za pamba, zinateleza. Vaa za mpira. Filamu kuukuu za naitreti, aina ya plastiki ya zamani, hushika moto upesi, kwa hiyo ukizikuta mahali pasipo pake, mwite mkubwa wako kabla hujafanya lolote.

Linalonichosha zaidi ni majina. Rekodi za zamani humtaja kapteni peke yake. Peary, mpelelezi Mmarekani, alidai kufika Ncha ya Kaskazini 1909, lakini hakuwa peke yake: walikuwapo Matthew Henson, Mmarekani mweusi, na Wainuit wanne, Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Ukikuta buti la manyoya limeandikwa "la Peary", uliza lilishonwa na nani. Mara nyingi alikuwa mwanamke, na jina lake huenda limo kwenye barua fulani ambayo hakuna aliyeifungua kwa ajili hiyo. Ukilipata, maneno ya zamani usiyafute hata kama yanakukera. Ongeza mstari mpya chini yake, weka tarehe, na herufi za mwanzo za jina lako.