Ukuta wa Matumbawe Hauna Kosa: Waifai Iliponipotea Baada ya Kupandisha Toleo

Ijumaa usiku, tarehe 27 Juni 2025, baada ya Isha, nilikaa dakani na kikombe cha kahawa tungu nikaanza kuipandisha laptopu yangu ya kazi kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04 (Ubuntu ni mfumo endeshi, kama Windows ilivyo). Mtu mwenye akili zake angengoja. Jumatatu ilikuwa tarehe 30, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi, na riziki yangu ya mwezi ule yote ilikuwa juu ya meza moja hapa mtaa wa Langoni, Lamu: watu wanakuja na kitambulisho na PIN, nawajazia, wananilipa. Lakini muda wa kawaida wa kuhudumiwa 20.04 ulikuwa umekwisha tangu mwisho wa Mei, na kila nikiwasha mashine inanikumbusha kama mdai. Nikasema, leo namalizana naye.

Alfajiri kazi ilikuwa imekwisha. Nikaenda kona ya juu kulia kutafuta alama ya waifai. Haipo. Ingekuwa imekatwa mstari au ina alama ya kuuliza, ningejua pa kuanzia. Lakini neno lenyewe waifai halikuwamo kwenye menyu. Nikaingia kwenye mipangilio, mashine ikanijibu kwamba haioni adapta yoyote.

Saa tatu asubuhi barazani wameshakaa wateja watatu. Ami yangu, mwenye nyumba, akatoa hukumu kabla sijamaliza kueleza: ni ukuta. Kweli nyumba hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene kama dhiraa moja, na mawimbi hupenya kwa taabu. Kijana wa jirani akasema bando limeisha. Bi mmoja aliyekuja na risiti zake kwenye mfuko wa nailoni akatikisa kichwa: "Mwanangu, huo ni munyu. Redio yangu iliuawa na munyu." Munyu ndiyo chumvi, ile inayoletwa na upepo wa bahari.

Wote watatu wana haki yao, siku nyingine. Siku ile nilichukua simu yangu, nikakaa pale pale nilipokuwa na laptopu, na simu ikashika ruta ile ile bila shida. Ruta nzima, bando lipo, ukuta umesamehewa. Kwa hiyo ukipatwa na jambo hili, jiulize kwanza: orodha ya mitandao ipo na ni dhaifu, au haipo kabisa? Ukuta unaweza kuyadhoofisha mawimbi, lakini hauwezi kuifuta kadi kwenye menyu. Kama orodha haipo, acha kuhamisha ruta na acha kumpigia simu mwenye intaneti. Shida umeibeba mapajani.

La pili, jipatie intaneti kwa mlango wa nyuma, kwa sababu dawa yenyewe karibu siku zote iko mtandaoni. Chomeka simu kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya simu, washa ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itaiona kama waya wa mtandao wa kawaida, haihitaji waifai hata chembe. Hakikisha waya ni wa kupitisha data, maana nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu. Mimi nilipoteza robo saa na waya wa namna hiyo, nikidhani simu nayo imeugua.

Baada ya hapo nilifungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaanza kupanda ghorofa moja moja. Nasema ghorofa kwa sababu ndivyo ninavyoifikiria: chini kabisa ni kadi yenyewe, juu yake ni ruhusa ya kuwaka, juu yake draiva (programu inayoiendesha kadi), na mtandao uko darini. Ukianza darini utazunguka siku nzima.

`lspci -nnk` inakuonyesha vifaa vilivyofungwa ndani ya mashine. Kama adapta yako ni ya kuchomeka nje, tumia `lsusb`. Yangu ilikuwapo: mstari wa Network controller, chipu ya Broadcom BCM43142, na namba 14e4:4365 kwenye mabano. Zinakili namba hizo nane, ndizo zitakazokutafutia jibu sahihi. Jina la laptopu halisaidii sana, kwa sababu laptopu za jina moja hutoka na chipu tofauti. Halafu nikatazama chini yake mstari wa "Kernel driver in use". Haukuwapo. Yaani kadi iko, inaonekana, ila hakuna anayeiendesha, kama jahazi lililotia nanga bila nahodha.

Ghorofa ya ruhusa niliipita haraka: `rfkill list`. Ukiona "Soft blocked: yes", andika `rfkill unblock wifi` na mambo yamekwisha. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta kitufe ubavuni au kile cha Fn chenye picha ya mnara, hapo amri haifui dafu. Yangu yote mawili yalisema no.

Basi ni draiva. Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapofuata amri za watu bila kujua wanatibu nini. Draiva nyingi za waifai zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo zinapanda toleo pamoja nayo. Ila chipu kadhaa, yangu ikiwamo, zinatumia draiva ya pembeni ambayo lazima ijengwe upya kwa kila kerneli mpya. Kazi hiyo ya kujenga hufanywa na programu iitwayo DKMS, na DKMS ili ijenge inahitaji vichwa vya kerneli ile ile unayoitumia, vile vifurushi vinavyoanza na linux-headers. Kwa chipu yangu draiva inaitwa wl, na kifurushi chake ni bcmwl-kernel-source. Toleo lake la mwisho kutoka kwa waliolitengeneza ni 6.30.223.271 la mwaka 2015; tangu hapo watunzaji wa Ubuntu na wenzao ndio wanaoitia viraka ili ikubaliane na kerneli mpya. Kwa umri huo, ni ajabu kwamba bado inatembea.

Niliandika `dkms status`. Jibu zuri huishia na neno "installed" mbele ya namba ya kerneli yako, ile unayoipata kwa `uname -r`. Langu liliishia "added", yaani imeandikishwa lakini haijajengwa. Hapo nikakumbuka. Wiki mbili nyuma diski ilikuwa imejaa picha za vyeti nilizoskani, nikafanya usafi, nikaona vifurushi vya linux-headers vinakula nafasi na sijui vya nini, nikavifuta. Kwa hiyo kerneli mpya ilipokuja usiku ule haikuwa na vichwa vyake, na DKMS ikakaa mikono mitupu. Kosa ni langu peke yangu, wala silaumu mfumo.

Dawa ilikuwa mistari miwili, simu ikiwa bado kwenye waya:

`sudo apt install linux-headers-generic linux-headers-$(uname -r)`

`sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`

Safari hii ikajenga. Nikaandika `sudo modprobe wl` nikitarajia alama ya waifai ichomoze, nikapokea "Key was rejected by service".

Hapo ndipo ilipokuwa ghorofa ambayo sikuihesabu. Laptopu ina Secure Boot, kinga inayokagua kinachopakiwa mashine inapowaka, na Secure Boot haikubali draiva isiyo na sahihi inayoitambua. Draiva niliyoijenga mwenyewe mezani kwangu imetiwa sahihi na ufunguo wangu, na ufunguo huo mashine haijatambulishwa. Ubuntu wakati wa kusakinisha hukuomba utunge nenosiri la muda, kisha ukiwasha mashine upya inatokea skrini ya buluu inayokutaka ubonyeze kitufe chochote ili uusajili ufunguo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoumia. Skrini ile inakungoja sekunde 10 tu. Mara ya kwanza niliiona ile buluu nikadhani mashine imekufa, nikageuka kumwambia Ami kwamba hata chai sitaki. Nilipogeuka tena Ubuntu ilikuwa imeshawaka kama kawaida, na waifai haiko. Nafasi ikipita haijirudii yenyewe. Unaomba upya kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, unatunga nenosiri jingine, unawasha tena. Mara ya pili niliinama juu ya kibodi kidole kikiwa tayari. Ukibonyeza, chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, andika nenosiri, halafu Reboot. Nenosiri hilo litunge kwa herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu skrini ile inasoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani na alama zinaweza kuhama mahali. Halitumiki tena baada ya hapo, kwa hiyo usijitie ujanja.

Wengi watakwambia zima Secure Boot upumzike. Inafanya kazi, na kwa laptopu ya nyumbani sitagombana na mtu. Lakini meza yangu inapitiwa na flashi za mtaa mzima, na nimeona yaliyomo kwenye baadhi ya flashi hizo. Nimeiacha imewashwa.

Saa tano unusu orodha ya mitandao ikajaa, hadi ya nyumba ya wageni ya uchochoro wa pili. Bi wa munyu alikuwa hajaondoka. Ritani yake ilichukua dakika kumi na mbili, kumi kati ya hizo za kutafuta nenosiri lake lililoandikwa nyuma ya kadi ya kliniki.

Kama wewe ni mtu wa Windows, njia ni ile ile kwa majina mengine. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo nimeletewa laptopu kadhaa zilizohamia 11 zikapoteza waifai. Fungua Device Manager, tazama kama kadi ipo chini ya Network adapters au imewekewa alama ya njano. Kama ipo, ingia Properties na ujaribu Roll Back Driver, yaani kurudisha draiva ya zamani. Kama kitufe hicho kimefifia, shusha draiva kutoka tovuti ya watengenezaji wa laptopu yako, kwa kutumia ile intaneti ya simu. Na kama yote yamegoma, una siku 10 tu za kurudi toleo la zamani kupitia Recovery. Ukishasafisha diski kwa pupa, hata hizo huna.

Tangu siku ile nimenunua adapta ya akiba ya kuchomeka, na hapa nina neno na wanunuzi. Usinunue kwa sura ya boksi. TP-Link TL-WN722N, kwa mfano, toleo la kwanza lina chipu ya Atheros AR9271 ambayo draiva yake imo ndani ya kerneli na haihitaji kujengwa. Kuanzia toleo la pili chipu ni ya Realtek, kifaa kingine kabisa ndani ya ganda lile lile. Soma kibandiko mahali palipoandikwa Ver, au chomeka dukani uandike `lsusb` ukatafute 0cf3:9271. Muuzaji akikukatalia kuchomeka, mwambie asante uondoke. Inashika masafa ya 2.4 GHz tu, na kwa nyumba za Lamu hiyo si hasara, kwa sababu 5 GHz ndiyo inayochoka mapema mbele ya mawe yetu.

Yangu niliipata Mombasa, mtumba, ikaja kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi hapa. Nimeifunga kwenye nailoni mara mbili, nikaitia ndani ya kopo la halwa lenye mfuniko wa kubana, kwa sababu kuhusu munyu Bi yule hakusema uongo: ile ya mwanzo niliyoiacha juu ya dirisha linalotazama bahari, pini zake ziligeuka kijani.