Mrushaji wa kasi na mazoezi ya kiwiliwili msimu ukiisha

SWALI: Mimi ni kijana wa miaka 19, mrushaji wa kasi wa mkono wa kulia katika klabu moja ya kriketi mjini Jinja. Msimu umekwisha, na kila asubuhi ninapiga sitapu 200 na kukimbia kilomita 8 ili nirudi uwanjani nikiwa imara. Hata hivyo, tangu mechi za mwisho kiuno kinaniuma upande wa kushoto. Je, niongeze sitapu, au nipumzike kabisa hadi msimu mpya?

JIBU: Ndugu yangu, niruhusu nianze na maumivu, kwa sababu upande unaokuuma umenitia wasiwasi kuliko idadi ya sitapu. Mrushaji wa mkono wa kulia anapokanyaga kwa mguu wa kushoto ili auachie mpira, ardhi humrudishia nguvu inayoweza kufikia mara 5 ya uzito wa mwili wake, au hata kuzidi, na wakati huo huo kiuno chake kimepinda nyuma, kimelalia kushoto na kinazunguka. Mzigo huo huangukia pingili za chini za kiuno, na ukirudiwa haraka kuliko mfupa unavyoweza kujijenga upya, hutokea ufa mdogo, kwa kawaida upande usio wa mkono unaorusha. Kwa umri wako hatari ni kubwa zaidi, maana mifupa ya sehemu hiyo huwa haijakomaa kikamilifu.

Simama kwa mguu wa kushoto peke yake, kisha jipinde nyuma taratibu. Maumivu yakichoma pale pale unapopalalamikia, acha kurusha mpira kabisa mpaka umwone daktari wa mifupa. Yasipochoma, bado nenda ukachunguzwe, kwa kuwa maumivu yaliyodumu tangu mechi za mwisho si uchovu wa kawaida. Eksirei mara nyingi haiuonyeshi ufa mchanga. Kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi na bado unaumia, uliza kama unahitaji kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Hayo ninayoyaeleza hapa chini ni ya kufuata baada ya kuruhusiwa.

Sitapu ziache. Hukunja kiuno mara 200 kwa siku, ilhali kiuno cha mrushaji tayari kimekunjwa na kupindwa vya kutosha msimu mzima, na kazi yake hasa uwanjani ni kukaza. Nguvu ya mpira wa kasi huanzia miguuni na kuishia vidoleni, na kiwiliwili ndipo inapopitia, mfano wa mpini unavyopeleka nguvu za mkulima kwenye jembe: mpini ukilegea, mkulima atatoa jasho jingi na udongo usichimbike. Tunataka basi mazoezi yanayokufundisha kuuzuia mgongo usipinde wala kuzunguka huku viungo vingine vikifanya kazi.

Linalonipendeza zaidi halihitaji jimu. Chukua jerikani ya lita 20, ijaze nusu, ibebe kwa mkono mmoja na utembee mita 30 ukiwa umenyooka kana kwamba hujabeba kitu, kisha ubadilishe mkono. Utahisi ubavu wa upande usio na mzigo ukifanya kazi. Jaza zaidi kadiri wiki zinavyopita. Ongeza planki ya ubavu, yaani kujiinua ubavu juu ya kiwiko na miguu huku mwili umenyooka, sekunde 10 kwa kila upande na kurudia mara 5 au 6, badala ya kung'ang'ania dakika 3 huku kiuno kikizama. Piga magoti na viganja chini, unyooshe mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto bila kuutikisa mgongo, kisha ugeuze. Funga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, simama ubavu kwa nguzo, na uisukume mbele ya kifua bila kuiruhusu ikuzungushe. Siku 3 kwa wiki zinatosha. Usisahau makalio na mapaja ya nyuma, kwani yakiwa dhaifu kiuno ndicho kinacholipa deni lao: nyanyua nyonga ukiwa umelala chali, na uchuchumae kwa mguu mmoja ukishuka hadi ukalie benchi.

Kuhusu kilomita 8, piga hesabu. Ova moja ni mipira 6, basi ova 10 ni mipira 60; ukikimbilia mita 20 kila mpira, umekimbia kwa kasi mita 1,200, vipande vipande, ukitembea kurudi kila mara. Kwa hiyo mbio za mita 20 hadi 40 zenye mapumziko zinafanana na kazi yako kuliko mwendo mrefu wa lami, ambao mara moja kwa wiki unatosha.

Kupumzika kabisa hadi msimu mpya nako sikushauri. Wiki chache bila kurusha ni nzuri, lakini mfupa uliozoea utulivu kisha ukabebeshwa ova nyingi ghafla ndio unaopasuka. Daktari akiridhia, anza na ova 3 au 4 kwa nusu ya nguvu, siku 2 kwa wiki zisizofuatana, na uongeze kwanza idadi, kasi baadaye, ili maandalizi yachukue wiki 8 hadi 12. Wapo watakaokutajia Frank Nsubuga, mrushaji wa Uganda, aliyekuwa na miaka 43 alipowaruhusu wapinzani mikimbio (alama) 4 tu katika ova 4 dhidi ya Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia la kriketi la mwaka 2024. Ni heshima kwa Uganda nzima, lakini yeye hurusha mpira taratibu akiuzungusha, si kwa kasi, na mgongo wake haukupewa mzigo wa aina yako.

Tangu siku ya kwanza, andika kwenye daftari kila mpira unaorusha, ikiwemo ile ya kuwachezesha wadogo zako uani, kwa kuwa kocha wako ataihitaji hesabu hiyo kabla ya kukupangia mechi.