Majimoto wangu wamepotelea wapi?

Barua za safari hii zinahusu majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona viota vya majani juu ya miembe, mikorosho na minazi.

SWALI: Ndugu mhariri, nilikata viota sita vya majimoto kwenye mwembe wa jirani nikavihamishia kwenye mikorosho yangu, maana wanasifiwa kwa kufukuza mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi. Wiki za mwanzo walijaa, wakashona hata viota vipya. Sasa ni miezi mitatu, viota vimekauka na ndani hamna kitu. Nilikosea wapi? (Msomaji, Mkuranga)

JIBU: Inaelekea malkia alibaki kwa jirani. Kiota kimoja si kundi. Ni chumba tu katika nyumba yenye vyumba vingi. Miaka ya 1970, kule Shimba Hills, Kwale, mtafiti Bert Hölldobler alifuatilia kundi moja lililotawala zaidi ya miti kumi, na kundi zima kwa kawaida lina malkia mmoja. Yeye hutaga, wafanyakazi wakabeba mayai na mabuu machanga na kuyasambaza kwenye viota vingine. Kwa hiyo ulihama na mabuu ya kutosha wiki kadhaa, ndiyo maana ukaona wanaongezeka. Yalipokwisha kukomaa hapakuwa na mengine. Wafanyakazi waliokosa malkia huweza kutaga, lakini mayai yao hayakurutubishwa, na yai lisilorutubishwa hutoa dume. Ukipasua kiota cha namna hiyo ukakuta wenye mabawa tupu, ujue kundi linaisha.

Safari nyingine tafuta kundi lililo kwenye mti mfupi, ulihamishe lote. Anza kwa kuhakikisha viota vyote ni vya kundi moja: chukua majimoto kadhaa kwa kijiti, uwaweke kwenye tawi la viota vingine. Wakipapasana kwa vipapasio na kupita, ni ndugu. Wakikamatana miguu na kuvutana, ni makundi mawili, na ukiyachanganya shambani yatauana. Kata alfajiri, wengi wakiwa ndani. Kiota cha malkia mara nyingi kiko juu, kimeshonwa kwa hariri nzito, na ukikitikisa wanamiminika kuliko kwingine. Tumbukiza kila kiota katika kiroba, funga, na jioni ileile kitundike kwenye mkorosho, mdomo wazi ukigusa tawi.

Kabla ya hapo kagua mashina. Ukiona sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi yao wana vichwa vikubwa mno kwa miili yao, na udongo uliochimbuliwa chini ya mti, hao ni maadui wakubwa wa majimoto na hawatawaruhusu kupita ardhini. Dawa ni kuwapa majimoto njia ya juu: funga kamba kutoka mti hadi mti. Wiki mbili za mwanzo watundikie chupa ya maji ya sukari, robo kilo kwa lita moja ya maji, yenye utambi wa pamba, na vipande vya dagaa wabichi. Na usipulizie kiuatilifu cha wadudu: hakichagui kati ya mbu wa mikorosho na majimoto. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho unaofanana na unga mweupe, ni kuvu, majimoto hawauzuii. Huo una dawa zake.

SWALI: Wanashonaje majani bila uzi? Na kwa nini wafanyakazi, ambao wote ni majike, wasizae wenyewe? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Uzi wanao, ila hautoki kwao. Simama kimya karibu na kiota kinachojengwa. Mstari wa wafanyakazi umeshika ukingo wa jani moja kwa meno na jani la pili kwa miguu, wanavuta. Jani likiwa mbali, wanashikana viuno wakawa mnyororo. Kisha anatoka mwingine ndani, ameng'ata buu katikati ya mwili kama fundi aliyeshika mrija wa gundi. Anagusisha kichwa cha buu kwenye ukingo huu, anahamia ule, anarudi, na kila mguso unaacha hariri. Mabuu ya sisimizi wengi hutumia hariri hiyo kujifumia kifuko cha kugeukia. Buu la majimoto huitoa yote kwa nyumba ya wote, likageuka bila kifuko.

Swali lako la pili ndilo zito. Dume huzaliwa na yai lisilorutubishwa, ana seti moja tu ya jeni, na binti zake wote huipokea nzima. Malkia akiwa amepandwa na dume mmoja, dada kwa dada hushirikiana jeni robo tatu, wakati mama na mtoto wake hushirikiana nusu. Mwanabiolojia W. D. Hamilton alionyesha hesabu hii mwaka 1964: mfanyakazi anayelea wadogo zake huendeleza jeni zake pia. Haitoshi kueleza kila kitu, kwani kwa kaka zake undugu huo hushuka hadi robo, na malkia akipandwa na madume wengi dada nao hupungukiwa. Lakini inasaidia kueleza kwa nini mlinzi mzee, ambaye kazi yake ndani imekwisha, huhamia viota vya mpakani na kuwa wa kwanza kupigana.

SWALI: Minazi yangu ina majimoto, lakini vidaka vinapukutika. (Unguja)

JIBU: Hesabu ni minazi mingapi hasa. Kunguni anayefyonza vidaka hukwepa mnazi wenye majimoto tu; wa pili wake usio nao hauna kinga. Kama makuti hayagusani, funga kamba.

SWALI: Tuchumeje embe bila kuumwa? (Muheza)

JIBU: Jipakeni majivu makavu mikononi hadi kwenye viwiko, miguu yao haishiki vizuri penye vumbi. Chumeni asubuhi kukiwa na baridi. Jimoto hana mwiba: huuma, kisha hukunja tumbo na kurushia asidi ya fomiki penye jeraha. Ukishaumwa mng'oe haraka, osha kwa maji mengi na sabuni, na usifikiche macho kwa mkono huo.