Shangazi, naogopa kuonekana kwenye mkutano wa walevi

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, nina miaka 43. Nakunywa kila siku. Likizo iliyopita nilijaribu kuacha. Siku ya pili mikono ilitetemeka nikashindwa kushika kikombe, jasho likanitoka usiku kucha, nikarudia chupa. Nasikia kuna vikundi vya watu walioacha pombe, lakini sijui vinakutana wapi, na naogopa kumkuta huko mzazi wa mwanafunzi wangu. Mke wangu anataka niende kwa mchungaji niombewe. Nifanyeje? – Mwalimu*

Mwalimu, mwanangu,

Tuanze na hiyo mikono, kwa sababu imenitia hofu kuliko mengine yote uliyoandika. Mwili uliozoea pombe kwa miaka ukikatiwa ghafla unaweza kuingia kifafa, kuchanganyikiwa, hata kuona vitu ambavyo havipo, na kuna wanaofariki hivyo. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Kwa hivyo tafadhali usijifungie tena chumbani ukajaribu peke yako. Nenda hospitali ya kaunti, umweleze daktari unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na kama asubuhi ni lazima utoe loki, yaani unywe kidogo kwanza, ndipo uweze kusimama mbele ya darasa. Usipunguze hesabu. Walevi wengi wakiulizwa hutaja nusu, na daktari hupanga matibabu kwa kile alichoambiwa. Zipo dawa za kukutoa kwenye pombe salama, na mara nyingi huongezewa vitamini B1 kwa sababu pombe huimaliza mwilini.

Sasa mkutano. Unaoutafuta huenda ni wa Alcoholics Anonymous, ambao wengi huuita AA. Ulianzia Akron, jimbo la Ohio kule Marekani, mwaka 1935, pale mfanyabiashara wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi, walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kunawasaidia kukaa bila kunywa. Kenya pia upo. Hakuna ada. Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu: uwe unataka kuacha.

Piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, haikutozi chochote. Taja AA kwa jina, useme: "Natafuta mkutano wa AA ulio karibu na Nakuru, sitafuti kituo cha kulazwa." Nakwambia hivyo kwa sababu kituo cha kurekebisha tabia ni kitu kingine, unalala huko kwa wiki kadhaa na mara nyingi bili yake ni kubwa. Daktari akiona unakihitaji, sawa, ila hakikisha kimesajiliwa na NACADA. Ukiwa hospitalini muulize pia mshauri nasaha wa upande wa afya ya akili. Na kama mkutano wa karibu uko mbali na kwako, AA wana mikutano ya mtandaoni pia. Unaweza kuingia kwa simu, kamera ikiwa imezimwa.

Huko ndani utakuta viti vimepangwa, mara nyingi kwenye ukumbi uliokodishwa kanisani, na huenda kuna chai. Mtu anataja jina lake la kwanza, anasema yeye ni mlevi, kisha anasimulia. Wengine hawamkatizi wala hawamhubirii. Ikifika zamu yako waweza kusema, "Leo nasikiliza tu," na hakuna atakayekulazimisha. Kapu la mchango likipita, lipitishe. Kabla hujaondoka omba namba ya simu ya mtu aliyekaa miaka bila pombe, mwanamume mwenzako. Hiyo namba ndiyo utakayoipigia saa kumi na moja jioni, shule ikifungwa na miguu ikielekea baa.

Kuhusu mzazi wa mwanafunzi: ukimkuta pale, naye amekuja kwa shida ileile. Kinachosemwa ndani hakitoki nje, na watu wale huishika ahadi hiyo kwa sababu kila mmoja ana lake. Tena, mwanangu, nakwambia kwa upendo: wazazi unaowaogopa wamekuona ukitoka baa, na watoto wa mstari wa mbele wanaisikia harufu. Siri unayoilinda haipo tena. Kama bado moyo unakataa, anza na mkutano wa mji jirani, panda matatu uende.

Kwa mchungaji nenda, mke wako hajakosea. AA wenyewe humtaja Mungu "kama kila mmoja anavyomwelewa", na hawaulizi dhehebu. Lakini maombi ya Jumapili yasiwe sababu ya kutofika hospitali Jumatatu.

Naye mama wa nyumba ana mzigo wake, na sioni popote katika barua yako ukimuuliza anaendeleaje. Jamaa za walevi wana mikutano yao, inaitwa Al-Anon. Mpe jina hilo, aende au asiende ni uamuzi wake. Asiwe ndiye mlinzi wako wa kunusa mdomo kila jioni, kazi hiyo itamchosha na itakufundisha kumdanganya.

Nenda mkutano zaidi ya mmoja kabla hujaamua kama unakufaa, kwani vikundi havifanani. Na ukinywa katikati, rudi wiki hiyohiyo, hakuna atakayekufungia mlango.

Shangazi