Usibadilishe gasketi ya kamado kabla hujakagua mfuniko

Ukiona moshi unapenya kiunoni mwa jiko, pale mfuniko unapokutana na chungu, badala ya kutokea juu kwenye tundu lake, ujue gasketi imeanza kukuaga. Nazungumzia kamado, lile jiko la mkaa la kauri nzito lenye umbo la yai, ambalo wengi wetu tulioko huku Marekani tulilionea kwa majirani kwanza, kisha tukalinunua wenyewe kwa ajili ya nyama choma za Jumamosi. Hapa Georgia yamejaa, na si ajabu, maana Big Green Egg, kampuni maarufu ya kamado, ilianzia Atlanta mwaka 1974. Watu wakijua unachoma nyama, hawachelewi kukuuliza pia habari za ufundi, na swali linalokuja mara nyingi kuliko yote ni la gasketi.

Kamado haina swichi ya kuongeza au kupunguza moto. Unauongoza kwa hewa tu: tundu la chini linaingiza, la juu linatoa. Gasketi ni ule utepe mnene uliobandikwa kuzunguka mdomo wa chungu, na mara nyingi mwingine kwenye mdomo wa mfuniko, ili hewa isijipitie pembeni. Aliyewahi kupalia wali ameshaelewa: mfuniko ukikaa upande, hata upange makaa mazuri vipi juu yake, wali utabaki na kiini. Ukitaka kidari cha ng'ombe kilale jikoni usiku kucha kwenye nyuzi 225 za Farenhaiti, yaani kama 107 za Selsiasi, uvujaji mdogo unatosha kukupandishia joto taratibu ukiwa umelala.

Kipimo ninachokiamini kuliko moshi ni mkaa uliobaki. Ukimaliza kupika ukaziba tundu zote mbili, moto hukosa hewa ukafa. Kesho yake unakuta vipande vyeusi vilivyo na umbo lake, unavitikisa majivu yadondoke, unawasha tena. Ukianza kukuta majivu matupu kila asubuhi, kuna mahali hewa inaingia.

Wauzaji hawatakuambia hili: gasketi ikiungua si dharura. Wako watu wanapika miaka bila gasketi kabisa na nyama inaiva vizuri, mradi midomo miwili ya kauri inakutana sawasawa. Shida ni kwamba kauri ikigonga kauri kila unapofunika, ipo siku itabanduka kipande. Kwa hiyo badilisha, lakini usiifanye kazi hii kwa pupa Ijumaa jioni wakati wageni wanakuja Jumamosi.

Sasa kiini chenyewe. Gasketi haichakai tu kwa umri. Mara nyingi inaungua sehemu moja, mbele kwa mfano, huku upande wa bawaba ukiwa mzima. Hiyo ina maana mfuniko umekaa vibaya. Umeacha upenyo mbele, na siku ulipopika piza kwa moto mkali, ndimi za moto zikawa zinatokea pale pale. Jirani yangu mmoja alinunua gasketi mpya, akaibandika vizuri kabisa, na ikaungua mahali palepale kabla msimu haujaisha. Akailaumu gasketi. Tulipochukua noti ya dola moja tukaibana kati ya mfuniko na chungu, mbele ilichomoka kama hakuna kitu, nyuma ikagoma.

Kipimo hicho cha noti kifanye wewe mwenyewe kabla hujatoa hata senti dukani. Jiko likiwa baridi, bana noti, funga, vuta taratibu. Zunguka jiko zima. Inatakiwa ikatae kidogo kila upande. Pale inapoteleza bila upinzani, weka alama kwa chaki.

Kurekebisha kunataka spana tu. Kamado nyingi zina bendi mbili za chuma, moja imekumbatia mfuniko, nyingine chungu, zimeunganishwa nyuma na bawaba yenye springi. Mfuniko ukiwa umefungwa, legeza kidogo nati za bendi ya juu, usukume mfuniko ukae sawa juu ya chungu, hakikisha bendi imelala vizuri kuzunguka, kisha kaza tena pande zote mbili kwa zamu. Rudia kipimo cha noti. Mambo mawili hapa sina mzaha nayo. Kwanza, usithubutu kuinua mfuniko nati zikiwa zimelegea. Mfuniko utachomoka kwenye bendi, na kauri ikianguka kwenye sakafu ya zege hiyo ndiyo basi tena. Pili, usifungue bolti za bawaba mfuniko ukiwa umefungwa, kwa sababu springi wakati huo zimebanwa kwa nguvu na zinaweza kukuvunja vidole. Kwa kazi ya gasketi huna haja ya kuzigusa.

Kuna wakati mfuniko ukishakaa sawa unagundua gasketi ya zamani bado ina uhai. Hapo umeokoa fedha yako, nenda kawashe moto.

Kama imekwisha kweli, utachagua kati ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kitambaa kinene kama blanketi, mara nyingi Nomex, kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi, laini na rahisi kuibandika, lakini moto wa piza unaichosha. Ya pili ni ya nyuzi za kioo, inayohimili joto kubwa zaidi. Mimi ningechukua ya pili kwa mtu anayepika piza mara kwa mara, na ya kwanza kwa mtu wa kuku na mbavu za moto wa wastani. Ya nyuzi za kioo inawasha ngozi, kwa hiyo vaa glovu na barakoa unapoikata. Fundi wa magari akikwambia upake silikoni ya injini badala yake, mshukuru na uendelee na lako. Ile ilitengenezwa kwa injini, si kwa chombo cha chakula.

Kukwangua ile ya zamani ndiko kunakokula muda. Toa vyote vilivyo ndani, wavu, pete ya moto na chungu cha ndani cha mkaa, kisha tandika magazeti ili uchafu usimwagike kwenye tundu la hewa. Anza na skrepa ya chuma, ile ya kukwangulia rangi ya ukuta, ukiilaza karibu sambamba na mdomo wa kauri badala ya kuisimamisha. Kitambaa kitatoka kwa vipande vyeusi, vigumu kama ngozi iliyokauka. Baada ya hapo utabaki na gundi, utando wa kahawia unaonata, na hapo wengi ndipo wanapochoka na kubandika gasketi mpya juu yake. Usifanye hivyo. Lowesha kitambaa kingine safi kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kandamiza juu ya gundi kidogo ilainike, kwangua, futa, rudia mpaka ukipitisha kidole usisikie mnato wala kinundu. Asetoni inashika moto upesi mno, kwa hiyo jiko liwe baridi la jana, lisiwe na kaa hata moja, na fanyia kazi nje penye upepo. Sabuni usiitumie, kauri ina vinyweleo na itaihifadhi harufu yake mpaka kwenye kuku wako.

Kabla ya kubandika, acha mdomo ukauke kabisa na uzungushe gasketi bila gundi kwanza ili uone urefu. Anzia nyuma, upande wa bawaba, ili kiungo kikae mahali pasipoonekana. Kama ina gundi yake mgongoni, menya karatasi kidogo kidogo unavyoendelea, na bonyeza kwa dole gumba. Usiivute hata chembe. Gasketi iliyovutwa itajirudi ikipata joto, na utaachiwa mwanya kwenye kiungo. Kata ncha ya mwisho ikiwa ndefu kwa milimita 3 hivi kuliko inavyohitajika, kisha uzisukume ncha mbili zikutane kwa kubanana. Kingo ya ndani isichungulie chunguni, maana kinachochungulia ndicho kinachoungua kwanza. Kama yako haina gundi, tumia ya kupuliza inayohimili joto, na ubandike masking tepu pande zote mbili za mdomo kwanza, la sivyo utapuliza gundi mpaka ndani ya jiko.

Halafu funga mfuniko na uliache jiko saa 24. Hapa ndipo kazi za watu wengi huharibika, kwa sababu harufu ya nyama ya jirani haina subira. Gundi isiyokauka ikipigwa na moto inalainika, gasketi inateleza, na ukiinua mfuniko inabaki imening'inia. Mara chache za kwanza pika kwa moto mdogo, usivuke nyuzi 350 za Farenhaiti, yaani kama 175 za Selsiasi. Kuku mzima anafaa sana kwa hilo. Piza iahirishe.

Gasketi mpya inabana kuliko ile uliyoizoea, kwa hiyo utahitaji kufungua tundu zaidi kidogo kuliko zamani ili upate joto lilelile. Pia moto uliobanwa hewa ukifunguliwa ghafla hulipuka na kukurukia usoni. Inua mfuniko upana wa vidole viwili, subiri hewa iingie, ndipo ufungue wote. Na spana usiirudishe mbali stoo: chuma cha bendi kinatanuka na kusinyaa kila unapopika, kwa hiyo baada ya kupika mara kadhaa pita tena na noti yako ya dola, na ukiona imeanza kuteleza, kaza nati, jiko likiwa baridi.