Re: Benki gani nifungue akaunti Estonia?

Mkuu, kwa kuwa unaenda Tartu kimasomo, usiumize kichwa sana kuchagua benki. Wengi huko wako Swedbank au SEB, zote za Waswidi. LHV ni ya Waestonia wenyewe. Kimbizana kwanza na kitambulisho cha ukaazi, maana ndicho kitakachokurahisishia kuwasha Smart-ID, yaani programu ya kuthibitisha kuwa ni wewe, kwenye simu. Ukiingia benki mtandaoni, tarakimu nne hutokea kwenye kompyuta na kwenye simu. Zikilingana, weka PIN1, namba ya siri ya kuingilia. PIN2 ni ya kuidhinisha malipo, sawa kabisa na kutia sahihi. Hazilingani? Ghairi hapo hapo, huenda kuna mtu anakuchezea. Na ile e-Residency inayopigiwa debe, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho Estonia huwapa wageni, haikuhakikishii akaunti, benki ndiyo inaamua.